Ndege Ilipoangukia Mpunga Wangu

Mwaka niliopewa majaruba yangu ya kwanza ya mpunga ndio mwaka Serikali ilipoleta ndege yake kujifunzia kuruka juu ya kichwa changu. Sikulichagua jambo hilo, wala hakuna aliyeniuliza.

Nilikuwa nimeolewa Puge nikitokea Tabora mjini. Baba yangu alikuwa mwashi, na kwetu mchele ulitoka dukani ndani ya kikapu, umeshapepetwa. Mama mkwe wangu alilijua hilo tangu siku ya kwanza aliponiona nimeshika jembe. Alinitazama kwa muda, kisha akamwambia mwanawe kwa Kinyamwezi, akidhani sisi wa mjini hatukijui, "Huyu mikono yake ni ya kushikia kalamu." Nilisikia. Nikanyamaza, nikalima.

Misimu miwili nililima mashamba yake. Msimu wa tatu akanipeleka mbugani, kwenye tambarare inayotuama maji, mwisho kabisa wa mashamba ya ukoo, pale ilipopita njia ya zamani ya misafara. Babu yake mume wangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kwa njia ile hadi pwani na kurudi, mara sijui ngapi. Siku zetu ilikuwa imebaki njia ya ng'ombe na baiskeli. Mama mkwe akanionyesha majaruba mawili yaliyojaa magugu.

"Haya ni yako," alisema. "Tuone."

Basi nikayalima. Nilipiga kingo mwenyewe, nikapandikiza mwenyewe, nikapalilia nikiwa ndani ya maji mpaka magotini huku ruba wakininyonya. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na hakuweza kunisaidia ila Jumamosi. Kila mtu alimwita Mwalimu, na mimi pia. Alikuwa mtu mpole, msafi wa mavazi, mwenye kuheshimu kila karatasi iliyopigwa muhuri. Upole ule ndio uliofanya nimpende, na mwaka ule ndio uliokaribia kunitia wazimu.

Mpunga ulikubali. Ulipoanza kuinamisha vichwa, mama mkwe alipita, akavunja suke moja, akalitafuna, akaenda zake bila kusema kitu. Kwake hayo yalikuwa maneno mengi sana.

Kisha wakaja ndege. Nasema ndege wa mbawa na manyoya, wale wadogo wenye midomo myekundu, wanaoruka kwa maelfu kama moshi unaosukumwa na upepo. Wakitua kwenye jaruba unasikia sauti ya kuguguna mahali pote kwa pamoja. Ukichelewa kidogo, yanabaki makapi. Mwalimu alinijengea dungu, jukwaa la nguzo nne lenye paa la nyasi, refu kuliko mtu aliyesimama. Nilikaa juu yake tangu kabla ya jua kuchomoza hadi linapozama, nikivuta kamba zilizofungwa madebe matupu, na nikitupa vidonge vya udongo kwa kombeo. Kazi hiyo huitwa kuamia ndege. Asiyeifanya hawezi kuelewa jinsi inavyochosha, maana hufanyi kitu chochote ila kukasirika mchana kutwa.

Wakati huohuo mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, alituita barazani akatuambia kwamba Serikali imetuonea huruma. Italeta ndege ya kunyunyizia dawa kwenye miti wanakolala wale ndege, nao watakufa wote. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

"Lakini," akaendelea, "marubani ni lazima wajifunze kwanza kupita chini chini. Mbuga yetu ni tambarare, kwa hiyo watajifunzia hapa. Watatia maji badala ya dawa. Msiogope."

Hatukuogopa. Kilichotokea ni kwamba kila asubuhi ndege ile ilipita juu ya mashamba makubwa ya upande wa magharibi kwa mngurumo wa kutisha, ndege wote waliokuwa wakila huko wakaruka kwa hofu, na kwa kuwa majaruba yangu yalikuwa ya mwisho, wakaja kutua kwangu. Nilihangaika nao peke yangu, nimelowa maji ya Serikali kichwa mpaka miguu. Baada ya siku tano nilikwenda kwa mwanangwa.

"Wanajifunza," aliniambia. "Vumilia."

"Wakajifunzie kwao."

Mwanangwa alimtafuta Mwalimu, akamwambia mke wake ana ulimi. Mwalimu akarudi nyumbani na sura ya msiba.

Asubuhi ya ajali jua lilikuwa limetoka tu na lilikuwa kali. Ndege ilikuwa imeshapita mara tatu. Kundi la wale wadogo lilitua kwenye jaruba langu la pili, nikasimama juu ya dungu nikizungusha kombeo. Nikasikia mngurumo nyuma yangu, wa karibu kuliko siku zote. Nilipogeuka niliona magurudumu mawili yanakuja usawa wa kifua changu. Nakumbuka kwamba moja lilikuwa na tope. Nikajitupa chini.

Gurudumu lilinasa paa la dungu. Nguzo zilikatika kwa mlio kama wa bunduki, nyasi zikatawanyika, na ndege ile ikaenda mrama, ikagusa maji, ikalima mpunga wangu toka ukingo mmoja hadi wa pili, ikapita juu ya ukingo wa katikati, ikasimama kwa pua mkia ukiwa juu, kisha ikaanguka kwa ubavu, bawa moja limekunjika chini yake. Injini ilifuka mvuke ndani ya tope. Madebe yangu, yaliyonaswa na mkia, yaliendelea kulia kidogo kidogo.

Naona haya kusema kwamba kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa watu. Niliona mpunga wangu umelala. Njia pana ya matope, masuke yamezamishwa, maji yanavuja kwenye ukingo uliobomoka. Nilisimama nikapiga ukelele, na waliousikia walidhani nawalilia wazungu waliomo ndani ya ile ndege.

Ndipo nikaona mkono unatoka dirishani.

Walikuwa wawili. Mmoja kijana, mwanafunzi, ananing'inia kwenye mkanda, uso mweupe kama unga, anarudia neno lilelile la kuomba radhi ambalo hata mimi nisiyejua Kiingereza nililijua. Wa pili alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, mwalimu wake. Damu ilimtoka puani na bega moja lilikuwa limeshuka. Mama mkwe wangu alifika mbio akiwa na panga. Yule kijana alipoliona panga alinyamaza ghafla.

"Mwambie atulie," mama mkwe aliniambia. "Nitamkata mkanda, si shingo."

Alikata mkanda, kijana akamwangukia mikononi, tukamvuta hadi ukingoni. Kifundo cha mguu wake kilikuwa kimeshavimba. Yule mzee alitoka mwenyewe, akakaa kwenye maji, akatutazama.

"Asante, mama," alisema kwa Kiswahili kizuri tu. "Kuna mtu ameumia?"

"Mpunga umeumia," nilimjibu.

Akageuka akautazama. Nitampa haki yake: aliutazama kwa muda mrefu, na hakusema kwamba ni bahati hakufa mtu.

Majirani walileta kitanda cha kamba, wakambeba kijana hadi barabarani, na lori la mfanyabiashara mmoja likawachukua wote wawili kwenda hospitali ya Nzega. Nikadhani yamekwisha. Nilikwenda nyumbani kuchukua jembe ili nizibe ukingo kabla maji hayajaisha.

Niliporudi alasiri na mama mkwe nilikuta askari kutoka Nzega anafunga kamba. Alikuwa amekata vigingi vinne, kimoja kila pembe ya majaruba yangu mawili, na kamba imezunguka yote.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe wangu kwa adabu.

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Hapa haparuhusiwi kuingia. Ni ushahidi."

"Ushahidi ni ile ndege," nilisema. "Iko jaruba moja. Hilo la pili limefanya nini?"

Aliwaza kidogo. "Kila kilichomo ndani ya kamba ni ushahidi."

"Na nani kaiweka kamba?"

"Mimi."

"Basi isogeze."

"Siwezi. Nimeshaandika kwamba nimeiweka."

Nilimweleza kwamba maji yanavuja. Nilimweleza kwamba dungu halipo tena na ndege watakuja kula. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kukaa kwenye kivuli cha bawa zima akavua viatu.

Kuanzia kesho yake watu wakaanza kumiminika. Walitoka Nzega kwa baiskeli, walitoka Igunga juu ya malori ya pamba, na mmoja alijigamba kwamba ametoka Goweko kwa treni hadi Tabora, kisha kwa lori, kuja kuona tu. Walisimama juu ya kingo zangu. Kingo za jaruba si za kusimamiwa na watu mia. Zilimomonyoka moja baada ya nyingine. Siku ya pili nikaona watoto wanakuja kwa mstari, wawili wawili, wanaimba, na mbele yao Mwalimu, mume wangu, ameshika fimbo ya ubaoni. Alikuwa ameleta darasa zima.

"Ni nafasi ya pekee," aliniambia alipouona uso wangu. "Wataona pangaboi la ndege kwa macho yao."

"Mwalimu, wamesimama juu ya ukingo wetu."

Akawaambia wasogee. Wakasogea, wakasimama juu ya ukingo mwingine.

Na ndege, hao wenye midomo myekundu, walifika siku ileile ya kwanza. Walifahamu upesi kwamba ndani ya kamba hakuna anayewagusa. Askari hakuwa na maagizo juu yao. Nilisimama nje ya kamba nikawatupia udongo kwa kombeo, mpaka askari akaja.

"Hicho ni nini?"

"Kombeo."

"Ulikuwa nalo siku ya ajali?"

"Nilikuwa nalo."

"Lete."

Akalichukua, akalifunga kikaratasi, akaandika kitu juu yake, akalitia kwenye mkoba. Kombeo langu likawa ushahidi. Baada ya hapo mama mkwe alichukua debe na mwiko, akasimama penye kona akalipiga tangu alfajiri. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Askari alivumilia hadi saa nne.

"Mama, tafadhali, kelele."

"Sikupigii wewe," mama mkwe alimjibu, akaendelea.

Jioni nilimwambia Mwalimu aende akaseme na mwanangwa, au aandike barua, au afanye lolote analofanya mtu aliyesoma. Akaniambia, "Ni Serikali, mke wangu. Tungoje utaratibu." Nilimwekea chakula, nikatoka nje, maana ningebaki ndani ningesema maneno ambayo yangedumu kuliko njaa yoyote.

Siku ya nne alikuja bwana mkubwa kutoka Tabora. Alikuja na meza ya kukunja, kiti cha kukunja na karani wa kumshikia mwavuli. Yule rubani mwenye mvi alikuja naye, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Bwana mkubwa alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili na alitaka tujue. Meza iliwekwa ukingoni, mguu mmoja ukazama, wakaiinua, ukazama mwingine. Nikaitwa. Mwalimu akaruhusiwa kusimama pembeni yangu.

"Wewe ndiwe mwenye dungu?"

"Ndiyo, Bwana."

"Nani alikupa ruhusa ya kulijenga?"

Sikulielewa swali. Nilidhani Kiswahili chake kimekwama. "Ruhusa ya kukaa kwenye mpunga wangu?"

"Ruhusa ya kujenga kizuizi kirefu katika njia ya ndege. Kimo chake kilikuwa futi ngapi?"

"Limevunjika, Bwana. Vipande viko pale, mnaweza kuvipima."

Mwalimu alinikanyaga mguu.

Bwana mkubwa akatoa kombeo langu kwenye mkoba, akaliinua kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa jalalani. "Hili ni lako?"

"Langu."

"Ulilitumia asubuhi ile?"

"Nililitumia."

"Ulikuwa ukitupa nini?"

"Udongo."

"Kwa nani?"

"Nilikuwa nawatupia ndege," nilisema, kwa kuwa ndiyo kweli, na kwa kuwa kila mtu anayelima mpunga duniani anajua hivyo.

Kalamu yake ilisimama. Aliniangalia, akamwangalia rubani, akainama akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, ili mwanangwa na askari na watu wote wasikie: "Mwanamke huyu anakiri kwamba ndege ilipokuwa ikipita, yeye alikuwa juu ya dungu akiitupia ndege hiyo kwa kombeo."

Watu wakaguna. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema kwa sauti ya kustaajabu, "Kumbe ndiye aliyeiangusha!" na mwingine akacheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Nilijua watu waliokwenda jela ya Tabora kwa makosa madogo kuliko kuangusha ndege ya Serikali. Nilimgeukia mume wangu.

"Mwambie," nilisema.

"Ngoja amalize kuandika."

"Ameshamaliza! Mwambie!"

Mwalimu alikuwa anatokwa na jasho. Nilifikiri, huyu ndiye mtu niliyeacha nyumba ya baba yangu kwa ajili yake. Kisha nikaona anaitazama ile karatasi, na uso wake ukabadilika. Niliujua uso ule. Ndio uliokuwa unamjia usiku akisahihisha madaftari, akikutana na kosa.

"Bwana, samahani," alisema. "Hakusema 'naitupia'. Amesema 'nawatupia'."

"Tofauti ni nini?"

"Tofauti ni kubwa mno, Bwana. Ndege yenu ni chombo. Tunasema ndege hii, ndege imeanguka. Ndege wa mwituni ana uhai. Tunasema ndege huyu, ameanguka. Wakiwa wengi, wameanguka. Mke wangu amesema 'nawatupia'. Hawa ni wengi, tena wana uhai. Yenu ilikuwa moja." Akameza mate. "Hata mtoto wa darasa langu la pili hawezi kukosea hapo."

Alipotambua alichokisema, mume wangu aliganda. Masikio ya bwana mkubwa yakawa mekundu. Yule rubani mwenye mvi akaanza kucheka, akashika bega lake kwa maumivu, akaendelea kucheka.

"Anasema kweli," akasema. "Futa hilo. Na andika hivi: dungu lilikuwepo pale tangu siku ya kwanza, nami nililiona kila asubuhi. Leo tuliruka tukielekea jua, mwanafunzi wangu hakuona, nami nilichelewa kumwambia. Kosa ni letu."

Alisema 'leo' badala ya 'siku ile', lakini hakuna aliyemsahihisha, hata Mwalimu.

Bwana mkubwa alifuta, akaandika. Nikadhani sasa yamekwisha. Nikauliza kama naweza kukata mpunga wangu.

"Hapana," alisema. "Tangi la dawa la ndege limepasuka. Lazima tuchukue masuke machache, tuyapeleke Dar es Salaam yapimwe kama yana sumu. Jibu likija, utakata."

"Litakuja lini?"

"Baada ya majuma machache."

"Majuma machache ndege watakuwa wamemaliza yote."

"Ndege gani?" aliuliza, na ninaapa hakuwa anatania.

"Hawa!" nikapaza sauti, nikinyoosha mkono kuelekea jaruba la pili, ambako walikuwa wamejaa wakila mbele ya macho yetu, mbele ya meza, mbele ya askari. "Hawa! Hawa!"

Rubani aliinuka. Akaruka kamba, akaingia kwenye tope hadi kwenye ndege yake, akainama chini ya tumbo lake, akafungua bomba kwa mkono wake mzima. Yalitoka maji kidogo yaliyobaki. Akayakinga kwa kiganja, akayanywa. Akakinga tena, akanywa.

"Ni maji ya kisima cha misheni," alisema akijifuta mdomo. "Tangi ni jipya. Dawa haijaingia humo hata siku moja."

Bwana mkubwa alisimama akamwambia maneno makali kwa Kiingereza. Mwalimu hakunitafsiria. Mwisho wake ni kwamba kunywa kwa rubani si utaratibu, na kwamba lazima jibu lije kwa karatasi.

Nilikaa chini ukingoni. Sikulia, lakini nilikuwa nimechoka hata na hasira yenyewe. Ni hapo mama mkwe wangu, ambaye hakuulizwa kitu na mtu yeyote siku nzima, alipozungumza. Hakuzungumza na bwana mkubwa. Alizungumza na mwanangwa.

"Hii ndege inaondoka lini?"

Mwanangwa akasema lori limekuja kuichukua, liko barabarani, haliwezi kuingia mbugani kwa sababu ya tope. Itavunjwa vipande na watu wataibeba hadi barabarani. Bwana mkubwa anataka iondoke kesho.

"Watu watapita wapi?"

Mwanangwa akatazama. Pande zote kulikuwa na mpunga.

"Mbeba bawa haoni miguu yake," mama mkwe alisema. "Ataanguka kwenye mpunga, na bawa litaharibika zaidi. Lazima tukate njia kwanza."

Mwanangwa akamweleza bwana mkubwa. Bwana mkubwa, ambaye meza yake ilikuwa imezama kwa mara ya nne, akatikisa mkono. "Ndiyo, ndiyo. Kateni njia."

"Upana gani?" mama mkwe akauliza, mara hii akimwangalia mwenyewe.

"Upana wa kutosha bawa."

Mama mkwe akaenda kulitazama bawa zima. Alilipima kwa hatua, toka ncha hadi ncha, akirudi akihesabu. Kisha akasimama katikati ya jaruba, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Bawa ni refu," alisema. "Tena watageuka nalo pale konani. Itatubidi kukata yote."

Askari alifungua kamba mwenyewe. Nadhani alikuwa amechoka na lile debe.

Kesho yake walikuja wanawake wote wa ukoo na majirani na visu vyao, nasi tukakata njia. Tulikata tangu umande ulipokauka hadi jua lilipoelekea kuzama, suke kwa suke, hata yale yaliyolala kwenye tope tuliyaokota tukayasuuza. Wanaume walisubiri kando wakiwa na vipande vya ndege mabegani, wakilalamika kwamba njia imekuwa pana mno. Mama mkwe aliwaambia wabebao wasiwe na haraka, baba zao walikwenda pwani na mizigo mizito kuliko hiyo. Walipopita hatimaye na lile bawa, wanne mbele na wanne nyuma, walipita kwenye jaruba jeupe lisilo na suke hata moja.

Nilitarajia magunia manne. Tulipopura tulipata gunia moja na nusu ya pili. Usiku nilikaa nikiyatazama magunia yale, nikafikiri siku zote nilizokaa juu ya dungu. Mama mkwe alipita akaligusa lile la nusu kwa mguu.

"Mwaka wa kwanza mimi nilipata debe," alisema. Hilo sikuwahi kulisikia kabla, wala hakulirudia tena.

Kabla ya kupika, tuliwatupia kuku punje kadhaa, tukawatazama siku mbili. Walitaka zaidi. Basi nikatwanga, nikapika wali wa kwanza wa mpunga wangu mwenyewe, na mboga ya karanga, nikampelekea Mwalimu sahani yake.

Hakula.

"Jibu halijaja," alisema.

"Rubani amekunywa maji yale mbele yako. Kuku wamekula. Mama yako anakula sasa hivi."

"Bwana mkubwa ameagiza tungoje karatasi."

Yaani mtu aliyemfundisha bwana mkubwa Kiswahili mbele ya kijiji kizima alikuwa anaogopa wali. Nilijaribu kwa upole, nilijaribu kwa ukali. Ikawa kila jioni napika vyungu viwili, ugali wake peke yake, wali wa sisi wawili. Kuni zilikwisha mara mbili ya kawaida. Mama yake alimcheka, hakujali. Alikula ugali wake kwa heshima, akafuta mikono, akashukuru.

Jibu halikuja. Majuma machache yakapita, na mengine machache. Marubani walihamishiwa mbuga nyingine upande wa Igunga, na sisi tukaanza kutengeneza kingo zilizobomolewa na watazamaji. Kazi ile ilituchukua kiangazi chote, Jumamosi kwa Jumamosi, Mwalimu amekunja suruali yake nyeupe hadi magotini.

Jumamosi moja tulirudi kutoka mbugani wote watatu tumechoka. Sikuwa na nguvu ya kupika vyungu viwili. Nilipika wali tu, nikauweka kwenye sinia, nikakaa na mama mkwe jikoni tukaanza kula bila kumwita mtu. Mwalimu alikuja akasimama mlangoni. Alitazama sinia. Akaingia, akanawa, akachuchumaa upande wangu, akamega tonge, akala. Mama yake alifungua mdomo aseme kitu, nikamtazama, akaufunga. Nikaisogeza mboga karibu naye, tukaendelea kula.